Kirusha mwanga hakiwaki: naongeza tundu la optiko kwenye deki ya DVD

Bintiredio

Wakuu salaam. Naomba msaada wa mwenye uzoefu wa kufungua deki. Hii ni wiki ya pili nimekwama, na sitaki kuanza kuchomachoma bodi kwa kubahatisha.

Deki yangu ni ya DVD, inasoma na CD. Nyuma ina matundu ya picha, mawili ya sauti (jekundu na jeupe) na moja la rangi ya chungwa, yaani koaksia, la sauti ya dijitali kwa waya wa shaba. Optiko, yaani tundu la kutoa sauti hiyo kwa mwanga, haina. Amplifaya niliyonayo inapokea sauti kwa njia mbili tu: waya za kawaida za nyekundu na nyeupe, au tundu moja la optiko. Koaksia haina kabisa.

Nikitumia waya za kawaida kuna mvumo mzito chini ya muziki, hauishi. Nimehangaika nao mpaka nikagundua kwamba nikichomoa kebo ya antena nyuma ya TV, mvumo unakatika papo hapo. Nikiirudisha, unarudi. Mama yangu sikio moja limepungua nguvu, na anasema mvumo ule unamfunikia maneno ya mwimbaji. Yeye ndiye msikilizaji mkubwa wa CD hapa nyumbani, kwa hiyo jambo hili nimelishikilia.

Nilipofungua deki nilifurahi sana. Pembeni ya tundu la chungwa kuna nafasi tupu kwenye bodi, imechorwa kisanduku na kuandikwa OPT1, na ina vitobo vitatu. Nikatafuta kirusha mwanga cha miguu mitatu, cha volti 5, nikakilehemu pale. Vipimo vyangu, ethi ikiwa ni bati la nyuma:

kitobo cha 1: ethi
kitobo cha 2: volti 5.02
kitobo cha 3: volti 0.00, hata diski ikiwa inacheza

Giza tupu. Nikadhani njia ile haikuunganishwa huko kiwandani, basi nikainua mguu wa 3, nikauvutia waya wa kama sentimita 12 hadi kwenye pini ya katikati ya tundu la chungwa, upande wa ndani. Bado giza. Nikanunua kirusha mwanga kingine. Giza vilevile. Ndipo nikagusisha mguu wa 3 kwenye volti 5 kupitia rezista ya kilo-omu 1, na taa ikawaka nyekundu, kali kabisa. Vyote viwili ni vizima.

Kinachonichanganya ni hiki. Tundu la chungwa linafanya kazi, nimelijaribu kwenye amplifaya ya jirani yenye koaksia na likaimba vizuri. Lakini nikiweka mita pale ya volti za DC, inasoma 0.00. Ishara ipo, kwa nini kirusha mwanga hakiioni? Je, nahitaji chipu nyingine katikati?

Baba yangu marehemu alikuwa fundi redio, mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi. Kulehemu najua, mita naijua. Osiloskopu, ile mashine ya kuchora umbo la ishara, sina.

sauti_safi

Dada, usijitese. Kuna visanduku vidogo vya kugeuza koaksia kuwa optiko. Upande mmoja unachomeka waya wa chungwa, upande wa pili unatoka mwanga. Dakika moja umemaliza, na deki hujaigusa. Tena optiko ina sauti bora kuliko koaksia, utaona tofauti.

Bintiredio

Asante kaka. Nimeviona visanduku hivyo, na kama nisipofanikiwa nitarudi huko. Lakini kinataka umeme wake chenyewe, na nyuma ya meza ya TV hakuna soketi iliyobaki. Na ile nafasi ya OPT1 imeandikwa pale, inaniita. Ningependa kuelewa kwanza.

Mzee wa Mita

Binti, umefanya jambo zuri kupima kabla ya kuuliza, na jibu limo humo humo kwenye vipimo vyako. Ile hatua ya kugusisha mguu wa 3 kwenye volti 5 kwa rezista wengi hawaifikirii, wanatupa vipuri vizima.

Ishara inayotoka kwenye chipu kuu ni kubwa. Kwenye deki za DVD kwa kawaida inapanda hadi volti 3.3 na kushuka hadi sifuri. Lakini koaksia ina kanuni yake: inataka nusu volti tu kutoka kilele hadi bonde, kwenye mzigo wa omu 75. Kwa hiyo kati ya chipu na tundu la chungwa kuna rezista mbili, moja imekaa njiani na nyingine inashuka kwenye ethi. Hizo zinaigawa ishara na wakati huohuo zinaleta ile omu 75. Kwa chipu ya volti 3.3 hesabu inatoka kama omu 243 na 107, kwa volti 5 ni kama 374 na 93, na viwanda huweka namba za karibu na hizo. Kisha hufuata kapasita, au transfoma ndogo, ya kuzuia volti za DC zisitoke nje.

Kinachofika kwenye tundu la chungwa, basi, ni nusu volti inayocheza juu na chini ya sifuri. Wakati hakuna amplifaya iliyochomekwa ni kama volti moja. Mita yako inasoma wastani, na wastani wa kitu kinachopanda na kushuka sawasawa ni 0.00. Haikukudanganya.

Sasa mtazame kirusha mwanga. Yeye anataka aone zaidi ya volti 2 ndipo ahesabu kuwa ni juu, na chini ya 0.8 anahesabu kuwa ni chini. Wewe unampa nusu volti. Kwake hiyo ni chini muda wote, na chini maana yake ni giza. Umeichukua ishara baada ya kupunguzwa. Ichukue kabla.

Chipu nyingine huhitaji. Ishara iliyomo kwenye koaksia na ile ya optiko ni moja, biti kwa biti, mpangilio uleule wa S/PDIF ambao Sony na Philips waliuweka. Tofauti ni chombo tu: mmoja anasafiri kwa umeme kwenye shaba, mwingine kwa mwanga mwekundu ndani ya uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1. Toshiba ndio walioleta tundu hili la mwanga mwaka 1983, kwa ajili ya deki za CD.

Na hapa nimjibu ndugu yangu sauti_safi kwa heshima. Kisanduku ni njia halali, simpingi. Ila asitegemee sauti bora kwa sababu ya optiko, zile biti hazibadiliki zikipita kwenye mwanga. Faida ya huyu binti ni nyingine na ni kubwa. Amplifaya yake ina ethi, TV ina ethi ya kebo ya antena, na deki imekaa katikati ikiziunganisha kwa waya za picha na za sauti. Umeme mdogo unazunguka kwenye duara hilo na ndio huo mvumo. Plastiki haipitishi umeme. Duara linakatika. Kipimo chake cha kuchomoa antena kilikuwa kimeshaeleza yote.

Rudi sasa kwenye OPT1, usiachane nayo. Kiwanda huchapa bodi moja kwa deki za aina tatu nne. Ile isiyo na optiko hunyimwa kirusha mwanga pamoja na vipuri vidogo viwili vitatu vinavyokwenda nacho. Chukua kioo cha kukuzia, fuata njia ya shaba kutoka kitobo cha 3. Karibu nayo nategemea utakuta vibati viwili vidogo vinavyong'aa, vimeandikwa R na namba, havina kitu juu yake. Hilo ndilo daraja lililovunjwa. Na karibu na kitobo cha 2 huenda kukawa na vingine viwili vilivyoandikwa C.

Zima deki, chomoa waya wa umeme ukutani, weka mita kwenye mlio. Ncha moja kwenye kibati cha mbali cha ile R tupu, ncha nyingine tafuta inakolia. Ikilia kwenye rezista ya kwanza ya njia ya koaksia, upande wa chipu, umeshapata.

Halafu uthibitishe. Washa, weka CD icheze, pima volti za DC pale pale. Usitafute 3.3 wala sifuri, tafuta nusu. S/PDIF imepangwa hivi kwamba kila biti ina mgeuko, yaani kupanda au kushuka, mwanzoni mwake, na biti ya moja ina mgeuko wa pili katikati, kwa hiyo muda wa juu na muda wa chini unalingana. Wastani wake ni nusu ya volti za chipu, yaani kama 1.6. Kisha ingia kwenye menyu kwa rimoti, zima sauti ya dijitali. Namba lazima iondoke pale, iende sifuri au ipande juu kabisa. Isipobadilika, umeshika njia nyingine, usilehemu. Mita ya kawaida kwa kazi hii inamtosha mtu asiye na osiloskopu, mimi nimeitumia miaka mingi.

Mambo mawili ya kulehemu. Pale kwenye R weka rezista ndogo, omu 33 hadi 100, usiweke waya mtupu. Inatuliza kingo za ishara na inailinda chipu siku kitobo cha 3 kikigusana na ethi. Na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kitobo cha 1 na cha 2 ni ya lazima. Iwe imegusana na kirusha mwanga kabisa. Nilishahangaika na deki ya rafiki yangu, sauti inapotea nusu sekunde kila baada ya dakika chache. Nikabadili waya wa mwanga mara mbili. Nikabadili hata kirusha mwanga. Kapasita ilikuwepo, lakini mwisho wa bodi, sentimita nane kutoka pale. Nililehemu nyingine kwenye miguu yenyewe ya kirusha mwanga na tatizo halikurudi tena.

Ule waya wako wa sentimita 12 uondoe. Sauti ya DVD ni kilohezi 48, kila sampuli ya chaneli mbili inabebwa kwenye biti 64, hiyo ni biti milioni 3.072 kwa sekunde, na migeuko inaweza kufika mara mbili ya hapo. Waya mrefu ulio peke yake hauipendi kazi hiyo. Kama ingekubidi utumie waya, basi ungeusokota pamoja na waya wa ethi.

La mwisho nakuomba kama mzazi. Bodi ya umeme ndani ya deki ina kapasita moja kubwa. Kwenye umeme wa volti 230 inabeba kama volti 325 za DC, na hubaki nazo kwa muda hata ukichomoa. Ukipima deki ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mgongoni. Weka kipande cha plastiki ngumu juu ya bodi ile kabla hujaanza. Na jicho la leza usilichungulie, la CD ni nanomita 780, hulioni likiwa linawaka.

Deki14

Shikamoo mzee. Naomba nidandie hapa hapa. Mimi nina deki ya CD tupu, ya miaka ya themanini, nzito, haina koaksia wala optiko, nyuma ina nyekundu na nyeupe basi. Ndani nimesoma chipu za SAA7210, SAA7220 na TDA1541. Inawezekana kuitoa dijitali, au ndiyo basi tena?

Mzee wa Mita

Marahaba. Una bahati. SAA7220 inatoa S/PDIF kamili kwenye mguu wa 14, upo pale hata kama kiwanda hakikuutumia. Umeme wake ni volti 5, mguu wa 24, na ethi ni mguu wa 12. Chipu hiyo huwa ya moto, usishtuke ukiigusa.

Kwako nashauri uweke 74HCT04, chipu yenye milango sita ya kugeuza ishara, katikati, karibu na mguu wa 14, ili chipu ya umri ule isibebe waya na kirusha mwanga peke yake. HCT hasa, si HC, maana chipu ile ya zamani haifikishi volti 5 kamili ikipanda. Mtu atakuambia 04 inageuza ishara juu chini. Ndiyo, inageuza, na haina madhara. S/PDIF husomwa kwa migeuko, haijali upande upi uko juu.

Kwa wengine watakaosoma hapa baadaye: kama ndani ni SAA7030 na TDA1540 ile ya biti 14, kizazi cha kwanza, mguu wa namna hii hakuna. Kama ni Sony yenye CXD2500, tafuta mguu DOTX, na uangalie pia mguu MD2, maana huo ndio unaoiwasha na kuizima dijitali. Ukiwa umefungwa kwenye ethi, DOTX hainyanyuki. Na deki ambayo haina chochote cha hivi bado ina ishara tatu zinazoingia kwenye kigeuzi cha sauti, yaani data, saa ya biti na saa ya kushoto na kulia, pamoja na saa kuu. Hizo nne unazipeleka kwenye chipu kama CS8406, ndiyo inayozifunga kuwa S/PDIF. Kwa CD saa kuu mara nyingi ni megahezi 11.2896. Ugumu wake uko kwenye kujua data imepangwaje: kuna mpangilio wa I2S, na kuna ule wa Kijapani wa biti 16 zinazokaa kulia. Ukikosea unapata kelele badala ya muziki, huunguzi kitu. Lakini ni kazi ya jioni kadhaa, na kama sauti ya sasa ya deki inakuridhisha sioni sababu.

Bintiredio

Mzee wangu, Mungu akupe umri. Naleta ripoti.

Kioo cha kukuzia kilionyesha kila kitu. Kuna R iliyoandikwa R87, tupu, na C tupu mbili. Kibati cha mbali cha R87 kinalia na rezista iliyoandikwa 221, ambayo ni omu 220. Baada yake ipo 101, omu 100, inashuka kwenye ethi, kisha kapasita, kisha tundu la chungwa. Mgawanyo ni ule ule ulioueleza, namba tu ndizo zimesogea.

Nikapima DC kwenye 221 upande wa chipu, CD ikiwa inacheza: 1.63. Nikaenda kwenye menyu, sauti ya dijitali, nikazima: 0.00. Nikawasha: 1.63. Nilirudia mara nne kwa raha tu. Wiki mbili nilikuwa napima mahali ambapo namba haiwezi kuonekana.

Nikaweka omu 47 kwenye R87. Vile vidogo vya kubandika sina mkono navyo, nilitumia rezista ya kawaida yenye miguu, nikaikata fupi na kuilaza, nikaifunika kwa mpira. Kapasita ya 100 nikailehemu chini ya bodi, mguu kwa mguu na kirusha mwanga. Ule mguu wa 3 niliokuwa nimeuinua nikaushusha kitoboni. Bati la nyuma nililitoa kwanza kwenye deki ndipo nikalitoboa kwa keekee na kulipanua kwa tupa, kwa kuogopa vumbi la chuma lisidondokee bodi.

Taa inawaka! Nina maswali mawili.

La kwanza, mwanga ni hafifu kuliko siku ile nilipougusisha volti 5. Je, ni dalili mbaya?

La pili, CD zinaimba vizuri sana. DVD za muziki baadhi zinaimba. Lakini moja ya filamu nikiiweka amplifaya inanyamaza kabisa, na nyingine inatoa sauti kama mvua inayonyesha juu ya bati. Hiyo ya pili nilizima haraka nikihofia spika.

nyuzi_na_waya

La pili naliweza mimi. Si kosa la kazi yako. Diski nyingi za filamu zina sauti iliyobanwa, Dolby Digital au DTS, na deki yako inaipeleka kama ilivyo bila kuifungua. Amplifaya isiyo na dikoda ya Dolby inanyamaza. Ya DTS ni mbaya zaidi, maana kuna amplifaya zinazoichukua kama sauti ya kawaida na kuipiga, ndiyo hiyo mvua uliyosikia. Ulifanya sawa kuizima, inakuja kwa nguvu na spika za sauti nyembamba zinaweza kuungua.

Ingia menyu ileile ya sauti ya dijitali. Utaona machaguo kama matatu: kuzima, RAW au Bitstream, na PCM. Weka PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Deki itafungua Dolby yenyewe na kutoa stirio ya kilohezi 48. Kwa DTS si deki zote zina dikoda yake ndani, kwa hiyo diski ile ya mvua kwenye PCM huenda ikawa kimya. Ukikuta hivyo, ingia kwenye menyu ya diski yenyewe uchague njia ya Dolby, mara nyingi inakuwepo.

Mzee wa Mita

Amekujibu vyema, sina la kuongeza hapo.

Kuhusu mwanga hafifu, ni dalili nzuri. Ulipougusisha volti 5 taa ilikuwa inawaka muda wote. Sasa inawaka nusu ya muda na kuzimika nusu, mara mamilioni kwa sekunde, na jicho linaona wastani, kama mita inavyoona 1.63. Taa ikiwa kali kupita hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi kwamba mguu wa 3 umekwama juu na hakuna data. Kwa sababu hiyo huwa nawaambia vijana kwamba mwanga mwekundu peke yake si uthibitisho, mtu asifunge deki kwa sababu ameuona.

Waya wa mwanga usiukunje kona kali nyuma ya meza, uache uzunguke. Na tundu lisipotumika lifunike kwa kile kizibo chake, vumbi ndilo adui wake.

Bintiredio

PCM imemaliza tatizo. Filamu ya kwanza inasikika. Ya DTS ilikuwa kimya kama ulivyosema, nikachagua Dolby kwenye menyu ya diski, ikaja.

Kebo ya antena imechomekwa, TV inawaka, deki inawaka, na kati ya wimbo na wimbo hakuna kitu. Mama alifikiri CD imekwama, akaniita nije kuitazama.

Nimefunga kifuniko na skrubu zote sita. Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi: R87 omu 47, kapasita 100 chini ya bodi, kirusha mwanga cha volti 5. Baba alikuwa akifanya hivyo kwa kila redio iliyopita mikononi mwake.

Deki14

Hongera dada. Kwangu mguu wa 14 unasoma kama volti 2 diski ikicheza. 74HCT04 ninayo kwenye kopo la vipuri, kirusha mwanga ndicho natafuta. Mzee, ile milango mitano ya 04 itakayobaki bila kazi niiache hewani au niifunge?

Mzee wa Mita

Funga miguu yake ya kuingilia kwenye ethi, ya kutokea iache. Ukiiacha hewani inatetemeka yenyewe na kuchafua umeme wa jirani yake, na jirani yake hapo ni chipu ya sauti.